Maswali ya Wasomaji: Urubani, Miwani na Joto la Luano

SWALI: Mhariri, salamu. Niko na miaka 27, naendesha lori kati ya Lubumbashi na Kasumbalesa. Tangu utoto, ndege ikishuka uwanja wa Luano naacha bukari mezani natoka kuitazama. Nataka kazi hiyo. Je, nimechelewa? Miwani itanizuia? Na kwa nini marubani wa ndege ndogo hawapendi mchana wa mwezi wa kumi?
Msomaji, Katuba

JIBU: Ndugu, hujachelewa. Kanuni za kimataifa zinadai miaka 18 kwa leseni ya biashara, na kwenye ndege kubwa za abiria unaweza kufika 65. Miwani haizuii, mradi ukiivaa unaona sawasawa. Linalowakwamisha wengine ni kutotofautisha rangi. Basi pimwa afya ya daraja la kwanza kabla hujalipa hata faranga moja ya shule. Leseni binafsi inataka saa 40 za kuruka, ya biashara 200, au 150 ukisoma kozi kamili iliyoidhinishwa. Saa hizo ndizo zinazokausha mfuko, si mitihani.

Swali la mwezi wa kumi ndilo tamu. Luano iko kama futi 4,300 juu ya bahari. Kwa vipimo vya vitabu, hapo joto lingekuwa nyuzi 6. Joto likizidi hewa inakuwa nyepesi, kama ya juu zaidi: kila nyuzi inayozidi, ongeza futi 120. Kwa nyuzi 32, ndege inajiona iko futi 7,400! Wewe wa lori unaijua turbo, inayosukumia injini hewa zaidi; ndege nyingi za shule hazina, hivyo injini inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Propela na mabawa navyo vinashika hewa nyepesi.

Hapo mwanafunzi hukosea. Kipima kasi kikisoma noti 55 (maili za baharini kwa saa), ardhini anakwenda 61 hivi. Anaona nyasi zinakimbia, anavuta usukani mapema. Ndege inanyanyuka mita chache, halafu inagoma kupanda. Tazama kipima kasi, achana na nyasi.

Kabla ya kuachia breki, injini ikiwa kwenye nguvu zote, vuta taratibu kitufe chekundu cha mchanganyiko wa petroli na hewa mpaka mizunguko ya injini ifike kileleni, kisha kirudishe kidogo. Kikibaki ndani kabisa, petroli inaizidi hewa, nguvu inapungua na plagi zinashika masizi.

Vinginevyo ondoka saa kumi na mbili asubuhi, au punguza uzito: lita 40 za petroli ya ndege ni karibu kilo 29. Akiba ya petroli ya dakika 30 usiiguse.