Samadi nimeweka, magugu yakazidi ufuta: nipige 2,4-D?

SWALI: Mtaalamu habari za kazi. Niko Ruangwa, nalima ufuta ekari 3. Msimu uliopita niliambiwa ardhi yangu imechoka nikanunua samadi ya ng'ombe kwa wafugaji, nikamwaga shamba zima siku chache kabla ya kupanda. Ufuta uliota vizuri ila magugu yakaota zaidi, vibarua wakachelewa, nikaishia kilo 250 ekari zote. Dukani wananiambia msimu huu nipige 2,4-D ufuta ukiwa na wiki 3 halafu nifuatishie busta, ile mbolea ya maji ya kupulizia kwenye majani. Ni kweli inafaa?

JIBU: Dada, usipige. Tena ukiweza mrudie huyo aliyekushauri umuulize ufuta una jani la aina gani. 2,4-D ni dawa ya shamba la mahindi, mpunga, ngano, miwa, yaani mazao ya jamii ya nyasi, kazi yake ni kuua mimea yenye majani mapana na ufuta wenyewe ni jani pana. Ukiupiga shina linapinda, majani yanajikunja na kukakamaa, baada ya hapo unabaki na nyasi zako zimesimama na ufuta umelala. Kila msimu naletewa picha za mashamba ya hivyo na kila mtu anasema hivyohivyo, "dukani waliniambia ni dawa ya magugu". Hakuna kitu kinaitwa dawa ya magugu basi. Kuna dawa ya magugu fulani kwenye zao fulani kwa wakati fulani, na imeandikwa kwenye lebo.

Hata bomba tu. Ukiazima bomba lililopiga 2,4-D kwenye mahindi ya jirani halafu ukapulizia dawa ya wadudu kwenye ufuta, mabaki yaliyobaki kwenye mpira na nozo yanatosha kukuharibia. Bomba la dawa ya magugu liwe la peke yake.

Sasa samadi. Haina kosa, kosa ni kwamba ilikuwa mbichi. Ng'ombe anakula majani yenye mbegu, nyingi zinapita tumboni zikiwa hai, kwa hiyo wewe ulinunua mbegu za magugu ukazipanda mwenyewe pamoja na ufuta. Anza mapema, rundika kivulini, lowesha iwe na unyevu bila kuchuruzika maji, funika. Chomeka fimbo hadi katikati, baada ya siku chache ichomoe uishike: ikiwa ya moto hadi unataka kuiachia, ujue kazi inafanyika, huo moto ndio unaoua mbegu. Lakini pembeni mwa rundo hakuna moto, ndiyo maana lazima ugeuze ya nje iingie ndani, mara kadhaa. Samadi iliyokuwa tayari inakuwa imepoa, ni nyeusi, inamong'onyoka na inanuka udongo, sio mkojo. Tani 2 hivi kwa ekari inasaidia sana, na kama huna kiasi hicho usitawanye shamba zima, weka kwenye mistari tu uchanganye na udongo. Na usizidishe ukidhani ndio mavuno, ufuta uliolishwa sana unarefuka, unaota majani mengi na kuanguka.

Kinachoniumiza zaidi ni hiyo busta. Ufuta ukiwa mdogo unakua taratibu mno, mwezi wa kwanza na siku chache mbele yake ndio magugu yanaamua utavuna nini, na ulichonyang'anywa pale hakirudishwi na chupa yoyote. Palizi ya kwanza wiki ya 2 baada ya kuota, hapohapo unapunguza miche, ya pili kabla wiki ya 5 haijafika. Fedha ya busta mpe kibarua, na umuweke ahadi kabla hujapanda maana wiki ile kila mtu kijijini anamtafuta.

Halafu acha kumwaga mbegu kwa mkono. Panda mistari sentimita 50, mche hadi mche sentimita 10, hiyo ni kama miche 80,000 kwa ekari wakati kilo 2 za mbegu zina punje zaidi ya laki 6, sasa usipopunguza unategemea nini? Changanya mbegu na mchanga mkavu ili isidondoke nyingi sehemu moja, na usiifukie zaidi ya sentimita 3. Kwenye mistari jembe linapita, kwenye ufuta wa kumwaga kibarua anang'oa kwa vidole na anakata tamaa saa nne asubuhi.

Kwa huko Lindi mna bahati moja, mvua zinaanza Novemba au Desemba na ufuta mnapanda Januari hadi Februari. Lima mapema, acha magugu yaote na mvua za mwanzo, yaue kwa jembe ndipo upande. Kama una ndago, lile gugu linalofanana na nyasi lenye vinundu ardhini, glaifoseti, dawa inayoua karibu kila mmea wa kijani, ipigwe hapo, ndago ikiwa ya kijani na ufuta haujawekwa ardhini. Nyasi zikikuzidi ufuta ukiwa umeshaota kuna dawa za kuua nyasi peke yake, kwenye lebo utaona quizalofop au haloxyfop, hizo ndago haziigusi na jani pana haziligusi, na kabla hujalipa hakikisha lebo imetaja ufuta na ina namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya serikali inayosimamia viuatilifu. Ya kupimiwa kwenye chupa ya maji iache hukohuko dukani hata kama ni nusu bei.