Jibu: Usimruhusu fundi akuungie vioo viwili dirishani

Mkuu wa Kimara, kama hujatoa advansi, usitoe. Unasema fundi atayaacha madirisha yako ya alumini yalivyo, aongeze kioo cha pili kwa ndani, apige silikoni pembeni, basi tayari una kioo dabo, kelele za Morogoro Road kwisha na AC haitakula luku. Maneno hayohayo niliambiwa mimi hapa Tabata. Madirisha 7, nikatoa shilingi 3,400,000, hela niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya kisima.

Wiki 3 za kwanza nilifurahi sana. Masika ilipoingia, asubuhi moja nafungua pazia la chumbani, nje sioni. Nikachukua kitambaa nikafuta, ukungu hautoki. Nikazunguka nje nikafuta upande wa pili, hautoki. Uko katikati, mkono haufiki. Mwezi wa tano matone yalikuwa yanatiririka humohumo ndani, chini kumeota ukijani, na kwenye dirisha la sebuleni sisimizi wanapanda kati ya vioo viwili nilivyoambiwa vimezibwa.

Nikampigia fundi. "Hiyo ni hali ya hewa, bosi." Hali ya hewa ya Dar aliijua kabla hajachukua hela yangu, amekulia hapahapa! Akaja, akatoboa matundu mawili kwenye fremu ili mvuke utoke. Vumbi likaingia, likachanganyika na maji, likawa tope. Kuja kuvibandua, vioo 3 vilivunjika, vikiwemo vya zamani ambavyo havikuwa na kosa lolote. Hapo nikalipa tena.

Sikiliza sasa. Hewa yetu imejaa maji, na fundi akifunga pale nyumbani kwako anaifungia hewa hiyohiyo ndani. Usiku ukiwasha AC kioo cha ndani kinapoa, mvuke unageuka maji hapo. Na silikoni, hili hakuna aliyeniambia, inazuia mvua vizuri tu, lakini mvuke inaupitisha polepole. Hata ukikausha, unarudi. Kioo dabo cha kweli kinakuja kimeshafungwa kiwandani, kitu kimoja. Ukingoni, kati ya vioo, kwa kawaida kuna utepe wa bati ambao ndani umejazwa punje za kunyonya unyevu, kama zile za kwenye kipakiti cha boksi la viatu. Utepe huo unabanwa na gundi nyeusi ya butili, hiyo ndiyo inayozuia mvuke. Silikoni inakuja baadaye kwa nje, ya kushikilia tu. Angalia ukingoni: usipouona utepe wenye vitundu vidogovidogo, hicho huenda si dabo, ni vioo viwili vilivyokaa karibu. Kiungwe kiwandani au usinunue kabisa.

Kelele: kama madirisha yako ni ya kuslaidi, kumbuka nyingi inapita kwenye zile brashi za manyoya za pembeni mwa fremu kuliko kwenye kioo. Washa udi karibu na dirisha lililofungwa siku yenye upepo. Moshi ukicheza, sauti nayo ina njia. Dirisha la kufungua kama mlango, lenye mpira pande zote nne, linabana zaidi. Na vioo visilingane unene, cha mm 6 na cha mm 4 vinazuia sauti vizuri kuliko viwili vya mm 5.

Ila turudi kwenye fundi wako, maana najua atakuapia kwamba yake haiingizi ukungu. Mwambie atengeneze kipande kimoja kidogo, kama ukubwa wa daftari, akuletee kabla hujalipa hata mia. Kilaze kwenye friji usiku mzima, si kwenye friza. Asubuhi kitoe, ufute pande zote mbili za nje, maana huko lazima kitoe jasho. Kisha kiinue kwenye mwanga. Ukiona ukungu katikati, mrudishie kipande chake aondoke nacho.