Kozi fupi au bwawa fupi?

SWALI: Msomaji wa Wete anaandika historia ya mashindano ya kimataifa ya kuogelea. Kwa "short course" ya Kiingereza, programu ya tafsiri imempa "mashindano ya kozi fupi ya dunia". Je, ni sahihi? Na mbona nyumbani wanasema "anakogelea"?

JIBU: Si sahihi. Mswahili akisikia kozi fupi hufikiria wiki mbili za kompyuta na cheti chake. Kilicho kifupi hapa ni bwawa: mita 25, badala ya 50 za bwawa la Olimpiki. Basi ufupi ubakie hapohapo: mashindano ya dunia ya kuogelea ya bwawa fupi. "Mashindano mafupi" ni yale yanayokwisha upesi, na "bingwa mfupi wa dunia" ndiyo kabisa, umemsema mtu kimo chake.

"Mbio fupi" nayo haifai, kwani humo huogelewa hata mita 1,500. Tofauti iko kwenye kugeuka. Katika masafa hayo muogeleaji hugeuka mara 59. Katika bwawa refu, mara 29. Kila akigeuka huusukuma ukuta kwa miguu, na katika mtindo huru, chali na kipepeo huruhusiwa kwenda chini ya maji hadi mita 15. Ndiyo maana muda wa bwawa fupi huwa mdogo zaidi, na rekodi zake huwekwa mbali na za bwawa refu. Ukiandika "amevunja rekodi ya dunia" bila kutaja bwawa, umeandika nusu ya habari.

Mashindano ya kwanza yalikuwa Palma de Mallorca, Hispania, 1993. Ya pili, Rio de Janeiro 1995, yaliogelewa katika bwawa la muda lililojengwa ufukweni Copacabana. Tahadhari na "kila baada ya miaka miwili": Hong Kong ni 1999 na Athens ni 2000, korona ikayasukuma ya 2020 hadi 2021, Abu Dhabi, kisha Melbourne 2022. Shirikisho la kuogelea la dunia lenyewe, kwa habari za miaka hiyo ya mwanzo, liite FINA. Jina la World Aquatics limekuja mwishoni mwa 2022.

Ama "anakogelea", imetoka kwenye koga, yaani kuoga kwa matamshi ya kwetu, ileile iliyomo katika Mwaka Kogwa wa Makunduchi. Barazani haina kosa. Gazetini andika anaogelea.