Jibu la msomaji: Watoto wanaelewana, tatizo ni daftari

Swali lenu la wiki: je, mtoto wa mwenye shamba na mtoto wa kibarua wa msimu wanaweza kuwa marafiki wa kweli? Najibu kwa kuangalia mashamba ya tumbaku ya Urambo na Kaliua, mkoani Tabora, ambako familia nyingi kutoka Kasulu, Kibondo na kwingineko Kigoma huja kufanya kazi. Wanaweza, na hawachukui hata wiki. Kinachowatenganisha mara nyingi ni hesabu za wazazi.

Wa Kiha na wa Kinyamwezi hukutana kwenye Kiswahili, kisha kwenye chandimu, rede na mdako. Mama aliyekuja na mawese au dagaa wa Kigoma akipeleka bakuli kwa jirani, bakuli halirudi tupu. Ila kibanda cha kibarua kijengwe karibu na nyumba ya mwenye shamba. Kikiwa ng'ambo ya shamba, watoto watakutana kazini tu, na kazini mmoja wao ni mtoto wa bosi.

Sasa daftari. Kibarua hulipwa tumbaku ikishauzwa kupitia chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, miezi mingi tangu afike. Kwa muda wote huo anakopa unga, sabuni, dawa na fedha za dharura, na anayeandika ni mwenye shamba peke yake. Siku ya hesabu deni limemeza nusu ya mapatano, kibarua hakumbuki gunia la tatu, maneno yanakuwa makali, na usiku familia inafungasha. Asubuhi mtoto mmoja anakuta kibanda kitupu, na hakuna anayemweleza kwa nini.

Kwa hiyo yawepo madaftari mawili, kila upande na lake. Kila Jumapili yasomwe kwa sauti na kulinganishwa, wote wawili watie saini au dole gumba. Pimeni pia kwa akili: wakubwa wawili na watoto wawili hula kama kilo moja na nusu ya unga kwa siku, hivyo kilo 100 zinapaswa kufika miezi miwili. Daftari likisema zimekwisha kwa wiki tatu, kosa litafutwe siku hiyohiyo, lisingoje soko.

Shule nayo huvuruga. Vibarua hufika kabla ya mvua, wakati mtihani wa taifa wa darasa la nne hufanyika mwishoni mwa Oktoba. Mtoto aliyesajiliwa Kasulu akiletwa Septemba anaukosa, na rafiki yake mpya anamwacha nyuma darasani. Huyo abaki kwa bibi hadi amalize mtihani, ndipo aje na barua ya uhamisho ya mwalimu mkuu. Ada ilishafutwa, lakini sare bado ni mzigo wa mzazi, na mwenye shamba anaweza kuitoa kama sehemu ya mapatano.

Kuhusu kuchuma: majani mabichi yenye umande hupitisha nikotini kwenye ngozi, na mtoto huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kutapika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na kazi za hatari kwa aliye chini ya 18. Katazo liwe kwa watoto wote. Mmoja akikatazwa kwa ajili ya afya yake huku mwenzake akibeba mafungu ya majani, wote wawili wameshafundishwa nani ana thamani.

Na wasijifiche ndani ya bani, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku, wanapocheza kombolela: joto hufika nyuzi 70 na moshi wa tanuru unaua. Chupa za dawa za kuua wadudu shambani zitobolewe, zisigeuzwe magari wala vyombo vya maji.

Kabla familia haijaondoka, kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari paandikwe kijiji, shule na namba ya simu ya pande zote mbili. Msimu ujao kibarua huyo anaweza kuchukuliwa na shamba lingine, kilomita chache tu kutoka hapo.