Jibu: Je, ruzuku inatosha kuzaa kiwanda cha ndege?
Ndugu, umeuliza kama ruzuku peke yake inatosha. Haitoshi hata kidogo. Tazama Brazili: chuo cha uhandisi wa anga, ITA, kilianzishwa mwaka 1950 huko São José dos Campos, na serikali ikaunda Embraer, kampuni ya kutengeneza ndege, mwaka 1969. Wahandisi walitangulia, kiwanda kikafuata. Kisha Jeshi la Anga la Brazili likaiagiza Embraer ndege zake aina ya Bandeirante, na kwangu huo ndio msaada wenyewe: oda ya uhakika humpa mwenye kiwanda ujasiri wa kununua mitambo na kuajiri mafundi (benki nazo humsikiliza). Embraer ilibinafsishwa 1994, ila serikali ilibaki na hisa yenye kura ya turufu. Ningekuwa mshauri, fedha za kwanza zingekwenda vyuoni.