Kutii katikati ya mateso: niliyojifunza miaka minne kando ya kitanda

Dada mleta mada, nimesoma bandiko lako mara tatu kabla ya kujibu. Unamuuguza mama yako mwaka wa pili sasa, hakumbuki tena jina lako, na wazee wa kanisa wanakuambia "nyenyekea chini ya mkono wa Mungu ulio hodari." Umeuliza mambo matatu: kutii kwa vitendo ni kufanya nini hasa, je, kulia na kulalamika ni kuasi, na je, uendelee kuomba uponyaji? Halafu mwishoni, kama vile ni jambo la kupitia tu, ukasema mdogo wako amejitolea kulala na mama siku mbili kwa wiki, ukamkatalia kwa sababu "huu ni msalaba wangu." Nitarudi hapo.

Mimi si mchungaji. Nilimuuguza mume wangu miaka minne baada ya kiharusi, na miezi ile ya mwanzo niliasi barabara huku watu wakinisifu kwa utii wangu.

Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto wa ubongo, kwa hiyo mkono na mguu wa kulia vikapooza, na maneno yakamtoka. Mtu aliyekuwa hamalizi sentensi moja bila kuanza nyingine sasa alikuwa na sauti moja tu, ya maji ni hiyo, ya kugeuzwa ni hiyo, ya maumivu ni hiyohiyo. Kanisani wakiniuliza hali nilijibu "Mungu ni mwema," na nilitabasamu. Nyumbani sikuwa nikizungumza na Mungu huyo hata kidogo. Nilikuwa nimemnunia. Kazi nilifanya zote, lakini kama mtoto aliyetumwa kuosha vyombo naye anavigonganisha ili mama asikie. Magoti nilipiga pia, kwa mazoea.

Ukiniona ungesema, huyu mama amejisalimisha. Ndiyo maana siku hizi siwaamini sana watu wanaotazama uso wa mgonjwa au mwuguzaji wakatamka kwamba huyu ametii na yule ameasi.

Mwezi wa saba hivi, mtaalamu wa tiba ya usemi akaniambia nijaribu nyimbo na maneno aliyokariri tangu utoto. Alieleza kwamba mtu aliyepotewa na maneno kwa kiharusi mara nyingi bado anaweza kuimba, kuhesabu au kusema sala, hata kama hawezi kuunda sentensi yake mwenyewe. Usiku nikaanza Baba Yetu, bila matumaini yoyote. Akaingia. Sauti nzito, ulimi mzito, lakini maneno. Tukaenda pamoja mpaka "Ufalme wako uje." Yeye akaendelea, "Mapenzi yako yatimizwe." Mimi nikanyamaza.

Fikiria mwenyewe. Mtu asiyeweza kuomba maji anatamka maneno yale, na mimi mwenye ulimi wangu mzima yamenikwama kooni. Ningependa kukuambia kwamba nililia nikatubu. Hapana. Nilikasirika nikatoka nje, nikamwacha amalizie peke yake.

Siku zilizofuata ndipo nilianza kuyachunguza maneno yale, na nakiri kwamba nilitafuta kasoro. Kwanza nikaona kitu ambacho nadhani Kiswahili chetu kinatusaidia: *mapenzi* ni lile analotaka mtu, na mapenzi ni upendo, neno ni moja. Sijui kama wafasiri waliliwazia hilo, nami sitaki kujenga fundisho juu yake. Lakini kwa mtu aliyekuwa akisikia "mapenzi ya Mungu" kama anavyosikia hukumu ya hakimu, ilinifanya nisimame kidogo.

Pili, nikakuta kwamba Yesu mwenyewe aliyasema maneno hayohayo Gethsemane, usiku ule kabla ya kusulubiwa, Mathayo 26:42. Nenda ukaangalie aliyasemaje. Si kwa utulivu wa picha zile za ukutani. Alianguka kifulifuli, akaomba kikombe cha mateso kimwepuke, akarudi akaomba tena, na tena, mara tatu. Waebrania 5:7 inasema aliomba "pamoja na kulia sana na machozi", na aya inayofuata ndiyo inasema kwamba ingawa ni Mwana, alijifunza kutii kwa mateso yaliyompata. Ziangalie aya hizo mbili zilivyopangwa. Kilio hakikuja baada ya utii kushindwa. Kilikuwa ndani yake.

Kwa hiyo swali lako la pili nalijibu kwanza: kulia si kuasi. Ayubu alisema maneno ambayo leo mtu akiyasema kwenye ibada atanyang'anywa kipaza sauti, na mwisho wa kitabu (42:7) Mungu anawakasirikia wale rafiki zake waliomtetea Mungu, si yeye. Kwa maoni yangu jambo la maana kuliko yote walilofanya wale rafiki ni zile siku 7 za kwanza walizokaa naye chini bila kusema neno. Walipofungua mdomo ndipo walipoharibu. Na ukiwa huna maneno yako mwenyewe, soma Zaburi 88 kwa sauti. Inaanza kwa kilio na kuishia gizani, hakuna aya ya kufariji mwishoni, lakini imewekwa humo pamoja na zile za kusifu. Aliyeiandika bado anaongea na Mungu. Mimi nilikuwa nimenuna, na kununa ni kuacha kuongea. Hapo ndipo naona uasi wangu ulipokuwa, wala si kwenye machozi.

Sasa vitendo.

Tunasema mtoto msikivu, na asiyetii tunasema hasikii. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kigiriki cha Agano Jipya nacho kinakwenda njia hiyo, neno lake la kutii limetokana na kusikia. Basi nikajiuliza swali la kijinga kidogo: leo nasikia naambiwa nini? Si kuhusu miaka kumi ijayo, si kuhusu kwa nini ilimpata yeye. Leo. Jibu lilikuwa lilelile kila siku: mgeuze. Muuguzi alikuwa ametufundisha kwamba mtu asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo anapata vidonda vya kulalia, navyo vinaweza kuua. Nikategesha simu. Saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Huo ndio ulikuwa utii wangu, dada, hakuna cha ajabu. Usiku wa saa nane sikuwa na hisia yoyote ya kiroho. Kuna nyakati nilimgeuza huku nikimwambia Mungu kwamba sikubaliani na jambo hili, na nilimwambia kwa sauti.

Petro wa kwanza 4:19 inawaambia wanaoteswa kwa mapenzi ya Mungu wamwekee amana roho zao Muumba mwaminifu, "katika kutenda mema." Hilo neno amana nalipenda. Kitu cha amana hukitupi, wala hukitoi zawadi. Unamkabidhi mtu unayemwamini akutunzie, na unajua siku moja utamdai. Nilimkabidhi Mungu yale maswali ya kwa nini, nikabaki na kutenda mema, ambako kwangu kulikuwa ni mito miwili, shuka safi na saa ya simu. Maswali sikuyafuta. Bado nayadai.

Kushindwa nilishindwa pia. Usiku mmoja nilimvuta kwa hasira akalia kwa maumivu. Asubuhi nilitaka kujifanya halikutokea, kwa kuwa hangeweza kumsimulia mtu yeyote. Kumwomba msamaha mtu asiyeweza kujibu ni kazi ngumu kuliko kukesha. Aliniwekea mkono wa kushoto kichwani. Sitasema zaidi.

Jambo ambalo lingali linaniuma zaidi ni hili, na naliandika kwa sababu nimeona humu wachangiaji wawili wakikuambia uache dawa za mama "kama tendo la imani". Mwaka wa pili alikuja mhubiri nyumbani akaniambia vidonge vya presha ni ushahidi kwamba sijamtii Mungu kikamilifu. Nikaviweka kabatini. Siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili kiharusi cha pili kikampata. Daktari hakunilaumu, alipima tu shinikizo la damu, akaandika namba, akaniangalia. Nilikuwa nimemtii mtu nikidhani namtii Mungu. Mfalme Hezekia alipougua hadi kufa, Mungu aliahidi kumponya, na bado nabii Isaya akaagiza waweke mkate wa tini juu ya jipu (2 Wafalme 20:7). Paulo alimwagiza Timotheo anywe divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na kati ya wasafiri wenzake alikuwamo Luka, tabibu. Vidonge usiviguse isipokuwa daktari amesema.

Na hapo niseme na yule ndugu aliyeandika, kwenye ukurasa wa pili, kwamba mke anayepigwa abaki avumilie kwa kuwa Petro aliwaambia watumwa wavumilie mabwana wakali. Ndugu, Petro alikuwa akiongea na watu wasio na mlango wa kutokea. Paulo naye anawaambia watumwa kwamba kama wakiweza kuwa huru, afadhali wawe huru (1 Wakorintho 7:21), na yeye mwenyewe alitoroka Dameski akishushwa ukutani ndani ya kapu. Umemtaja Daudi kama mfano wa kumvumilia mfalme Sauli aliyetaka kumwua. Sawa, tumsome mpaka mwisho. Mkuki ulipotupwa aliukwepa. Pangoni alikata upindo wa vazi la Sauli, hakumwua. Lakini Sauli alipokiri kosa na kumwambia "rudi" (1 Samweli 26), Daudi alimrudishia mkuki wake kupitia kijana mmoja, akashika njia yake. Hakurudi kukaa mezani alipokuwa akilengwa. Mkono wake hakuunyosha dhidi ya Sauli, na kifua chake hakukiweka mbele ya mkuki. Yote mawili yamo. Anayepigwa aondoke kwanza, mengine yatazungumzwa akiwa salama.

Hata ule ukimya wa mwana-kondoo tunaounukuu kila mara, Yesu alinyamaza mbele ya Herode, lakini yule mtumishi alipompiga kofi alimwuliza: kama nimesema vema, wanipigia nini? Askofu mkuu Janani Luwum wa Uganda aliijua tofauti hiyo. Mwaka 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua kupinga mauaji na uonevu, na siku chache baadaye, tarehe 16 Februari, akauawa. Hakukimbia wala hakunyamaza. Mateso yaliyompata yalikuja kwa sababu alitii, na hayo ndiyo hasa Petro anayoyaandikia sehemu kubwa ya waraka ule. Ya kwetu, ugonjwa wa mzazi au mume, ni ya namna nyingine: hayakuletwa na ushuhuda wetu, yametukuta tu. Nadhani ni uungwana kukiri tofauti hiyo, tusijivike taji la wafia dini kwa sababu hatukulala usiku.

Umeuliza pia kama uendelee kuomba uponyaji. Mimi niliomba mpaka wiki ya mwisho. Paulo aliomba mara tatu kuhusu mwiba wake, yaani shida iliyomtesa mwilini, akajibiwa kwamba neema yamtosha, naye akaacha kwa sababu alijibiwa. Mimi sikujibiwa hivyo, kwa hiyo sikuona sababu ya kuacha. Alifariki mwaka wa nne, saa kumi alfajiri, nilipokuwa nimeenda kumgeuza. Ile sala tulikuwa tumeifikisha mwisho pamoja mara nyingi kufikia hapo. Kuna siku niliweza ile sehemu, kuna siku niliinong'ona tu, na kuna siku alinisubiri, akanitazama, akarudia yeye tena.

Turudi kwa mdogo wako. Nilipokusoma mara ya tatu ndipo nilipoiona sentensi ile vizuri. Mimi nami nilikataa msaada mwaka mzima. Shemeji yangu alijitolea kukesha Jumamosi, nikasema hapana, nikijiambia ni uaminifu. Ilikuwa kiburi, na pia nilitaka Mungu aone nilivyochoka. Usiku ule niliomvuta mume wangu hadi akalia ulikuwa Jumamosi.

Unasema huu ni msalaba wako. Hata ule wenyewe, njiani, ulibebwa na mtu mwingine: Simoni Mkirene, alikuwa akipita tu kutoka shamba, akashurutishwa. Mdogo wako hajashurutishwa na mtu. Mpigie leo kabla hajapanga mengine, mwonyeshe dawa zilipo na saa za kumgeuza mama, kisha nenda kalale.