Unga Bila Sufuria: Namna ya Kuchangia Waliokumbwa na Maafa

Desemba 3, 2023, sehemu ya Mlima Hanang, mkoani Manyara nchini Tanzania, iliyokuwa imeshiba maji ya mvua ilimeguka. Tope, mawe na magogo yakashuka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Haikuchukua muda, malori ya michango yakaanza kuingia kutoka mikoa mbalimbali. Watanzania ni wepisi wa kutoa, hilo halina ubishi. Kinachotupiga chenga ni kutoa kinachofaa, kwa wakati wake. Aliyepoteza nyumba hapati tumaini kwa kuliona lori. Hulipata akijua kesho watoto watakula nini na mgao ujao ni lini.

Kabla hujanunua kitu, mpigie mtendaji wa kata. Muulize kaya ni ngapi, ghalani kuna nini, na nini hakijaletwa kabisa. Orodha ya kaya ihakikiwe na mwenyekiti wa kitongoji, maana ndiye anayejua nani alikuwa akiishi wapi. Ulizia pia waliohifadhiwa na ndugu zao. Hao hawalali kambini, kwa hiyo husahaulika, na unga wa mwenyeji wao huisha kimyakimya.

Kwa chakula, piga hesabu hivi: kila mtu kwa siku gramu 400 za unga au mchele, gramu 60 za maharage, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi. Kaya ya watu watano kwa siku 14 itahitaji unga kilo 28, maharage kilo 4 na robo, mafuta lita 2 na chumvi karibu gramu 350. Sasa watapikia nini? Hapa ndipo misaada mingi hukwama. Familia inapewa unga, lakini sufuria, mwiko na jiko vimezikwa topeni, na kuni zimelowa. Kila mfuko wa chakula uende na sufuria mbili, sahani, vikombe, kisu, dumu la lita 20 lenye kifuniko, na mkaa.

Ghalani, unga usikae sakafuni. Weka chaga, acha nafasi kati ya magunia na ukuta ili hewa ipite. Unga ukilowa huota ukungu, na unga wenye ukungu haugawiwi, hata ukichekechwa.

Kiwango cha chini cha maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku, yaani watu 200 wanahitaji lita 3,000. Maji yenye tope yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, ndipo utie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na usubiri dakika 30. Ukitia dawa kwenye tope, tope ndilo litakaloimaliza, vijidudu vibaki.

Nguo zichambuliwe kabla hazijapakiwa: za watoto, za kike, za kiume, kila furushi na lebo yake. Robota la mchanganyiko huwapotezea watu wa kujitolea siku nzima wakitafuta mwenzake wa kiatu. Chupi ziwe mpya. Taulo za kike na kanga hazijawahi kuzidi. Kanga moja hubeba mtoto, hutumika kujifunika usiku, na huwa pazia la bafu. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga usiyapeleke bila mhudumu wa afya kuyaomba, kwani yakikorogwa na maji machafu huleta kuhara.

Maduka ya jirani yakishafunguliwa, fedha ni bora kuliko mzigo: mwathirika anajua upungufu wake kuliko wewe. Ila hakikisha kwanza amerudishiwa laini ya simu, la sivyo muamala utaenda kwenye simu iliyo chini ya tope. (Na tafadhali, kumpiga picha mtu akipokea kilo mbili za sukari si uwajibikaji. Saini kwenye daftari inatosha.)

Usimalize mchango wote wiki ya kwanza. Maafa ya Hanang yalitokea Desemba. Shule hufunguliwa Januari, wakati malori yamekwisha kupungua, na hapo ndipo zinatakiwa sare, madaftari, nauli ya kufuatilia vyeti vya kuzaliwa vilivyopotea, na mbegu kwa ambaye shamba lake bado linalimika.